Mto Ena Hauna Tajiri

Kila msimu wa bajeti ukifika, notisi hubandikwa kwenye ofisi za machifu kote Runyenjes, Kaunti ya Embu: wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Watu hufika, huketi kwenye viti vya plastiki na kuomba kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angeomba. Barabara ipitike mvua ikinyesha. Zahanati iwe na dawa. Soko liwekwe taa. Mazingira hufikiwa jua likiwa limeshainama na watu wameanza kutazama saa, na kwa kawaida humalizwa kwa ahadi moja tu: miche italetwa. Daftari la sahihi huzungushwa, soda hunywewa, na kazi ya kushirikisha umma huhesabiwa kuwa imekwisha.

Sina ugomvi na vikao hivyo. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira, na kikao cha soda ni afadhali mara mia kuliko agizo la kushushiwa. Ugomvi wangu ni kuhusu nani anaketi na nani. Kagaari Kaskazini hukaa kivyao, Kyeni Kusini kivyao, na watu wa Ishiara kule Mbeere Kaskazini hukaa kivyao kabisa, kana kwamba wako nchi nyingine. Mto unaowapitia wengi wao haujatajwa hata mara moja, kwa sababu hauna wadi.

Tuuchukue mto Ena. Unatoka katika msitu wa Mlima Kenya, upande wa Irangi, ambako mvua kwa mwaka hupita milimita 2,000 na ukungu wa Julai hukaa siku nzima bila kuaga. Unashuka kwenye chai, ukanda wa wakulima wa viwanda vya Mungania na Rukuriri. Kutoka hapo unaingia kwenye kahawa, makadamia na migomba, kisha mahindi na maharagwe, hadi unapofika nchi ya Mbeere, chini ya mita 1,000, ambako watu hupanda mtama, ndengu na muguka, hufuga mbuzi, na hutazama juu mlimani wakijiuliza kama mawingu yale yatawakumbuka mwaka huu. Safari yote hiyo, kutoka ukingo wa msitu hadi Ishiara, haifiki kilomita 50. Ni wachache wanaoitambua kuwa eneo moja. Mkulima wa Kianjokoma, kule juu kwenye chai, anajua bei ya chai ya mnada wa Mombasa, lakini ukimuuliza ni wiki gani ya Septemba mto hupungua kule chini, atakutazama tu.

Na mto hupungua kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Nenda kwenye kijito chochote cha huku juu mwezi wa Februari au mwishoni mwa Agosti. Utakuta watu wamepanga mawe na magunia ya mchanga kukatiza mkondo, na nyuma ya kizuizi hicho mabomba meusi ya plastiki yamelala sambamba, mengine ya inchi mbili, mengine ya inchi nne, kila kundi na lake. Moja linapeleka maji kwa kaya mia kadhaa zilizochangishana kwa miaka ili ziache kuteka kwa mtungi. Jingine ni la mtu aliyepata soko la maharagwe machanga. Jingine hakuna anayekubali kuwa ni lake. Ukipita kizuizi hicho hatua ishirini, unavuka mto bila kuvua viatu.

Hapo hakuna mhalifu. Kila bomba lina hoja yake, na mengi yana kibali. Kinachokosekana ni mtu wa kuyajumlisha.

Sheria ilishaliona tatizo hili zamani. Sheria ya Maji ya 2002 ilileta vyama vya watumiaji maji, ile ya 2016 ikavidumisha, na wazo lilikuwa zuri: watu wote wa mto mmoja, wa juu na wa chini, wakae pamoja, waandike mpango wa bonde lao, wakubaliane nani anachota kiasi gani. Pembeni yao kuna vyama vya jamii vya misitu, vilivyopata nguvu kwa Sheria ya Misitu ya 2005, kwa ajili ya wale wanaopakana na msitu na kuutegemea kwa kuni, malisho na mizinga ya nyuki. Zaidi ya hapo, eneo hili halikukosa fedha. Mwaka 2004 ulianza mradi wa majaribio wa Mlima Kenya Mashariki, ukifadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, na Ena ilikuwa miongoni mwa mito yake mitano ya kwanza, pamoja na Kapingazi, Kathita, Tungu na Mutonga. Ulipokwisha 2012 ukafuatwa na mwingine mkubwa zaidi, wa Tana ya Juu, uliofika kaunti sita kuanzia Murang'a hadi Meru. Miche ikapandwa kwa maelfu, chemchemi zikazungushiwa ua, mipango ya mabonde ikaandikwa na kujalidiwa vizuri.

Miradi ile ilisaidia watu, na anayesema fedha zote ziliishia kwenye warsha hakutembea vijijini. Lakini tunaoishi mashambani tunaijua tabia ya mradi. Unapokuja, vikundi huchipuka. Kila mwenye kitambulisho anakuwa mweka hazina wa kitu fulani. Unapoondoka, posho ya kikao inaondoka nao, na kikao hakina tena sababu ya kuitishwa, kwa kuwa tangu mwanzo sababu haikuwa mto.

Hapa ndipo wataalamu hutuletea jibu lao wanalolipenda: anayefaidika na maji chini amlipe anayetunza udongo juu. Mfano hutolewa wa New York, jiji ambalo mwaka 1997 lilifanya mkataba na wakazi wa milima ya Catskill, likagharamia utunzaji wa ardhi kule juu badala ya kujenga mtambo wa mabilioni wa kuchuja maji. Mwaka 2015 wazo hilo lilifika kwetu kwa jina la mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Ni wazo zuri. Lakini ukitazama mito uliyoanza nayo, ni Thika na Chania, Maragua, Sagana na Gura: mito ambayo mingi inatoka upande wa Nyandarua, inayolinywesha jiji na kujaza mabwawa ya umeme. Hata kwetu Embu, mto uliochunguzwa zaidi kwa ajili ya malipo ya aina hiyo ni Kapingazi, na sababu yake si fumbo. Maji ya Kapingazi huingia Rupingazi, kisha Thiba, kisha bwawa la Kamburu. Kuna mtu wa kutumiwa hesabu. Tope likijaa bwawani, kuna kampuni inayopoteza umeme.

Ena haina bahati hiyo. Pamoja na jirani yake Thuci, unaotutenganisha na Tharaka Nithi, inaungana na Tana chini ya Kiambere, yaani baada ya bwawa la mwisho. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: hakuna hata moja linaloonja maji yake. Hakuna jiji, hakuna mtambo. Tajiri pekee aliye chini ya mto huu ni mkulima wa Ishiara mwenye ekari moja ya nyanya na jirani yake mwenye mbuzi kumi na wawili.

Nimekuwa nikiliwazia jambo hili kwa muda, na sasa naona kwamba huenda ukosefu huo ndio utakaotuokoa. Asiye na wa kumlipa hana budi kuelewana na jirani. Na kuelewana juu ya maji ni kazi ambayo watu wa Afrika Mashariki waliifanya karne nyingi bila mfadhili. Wamarakwet walichonga mifereji kwenye kuta za bonde la Kerio, na mingi ingali inapitisha maji hadi leo, koo zikigawana zamu. Wachaga wa Kilimanjaro walifanya vivyo hivyo na mifongo yao. Ukiangalia kilichoifanya mifereji hiyo idumu, hutakuta upendo wa mazingira umetajwa popote. Utakuta zamu. Aliyekosa kuja kuzibua mfereji siku ya kazi alijua kwamba zamu yake ya maji ilikuwa mashakani. Kikao kilikuwa na sababu ya kuitishwa kila kiangazi, mtu apende asipende.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Upande wa pili wa mlima huu huu, kule Timau katika Kaunti ya Meru, mto Ngusishi ulikaribia kuwa uwanja wa vita mwishoni mwa miaka ya 1990. Juu kulikuwa na mashamba makubwa ya maua na mboga, katikati wakulima wadogo na miradi yao ya maji, chini wafugaji walioona mto ukikauka mifugo ikiwatazama. Waliunda chama cha watumiaji maji kabla hata sheria ya 2002 kuwapa jina. Wakafanya mambo mawili yasiyo na mbwembwe. Badala ya kila mtu na bomba lake, walijenga milango ya pamoja ya kuchotea maji, ambapo kiasi kinachotoka huonekana na kupimika. Tena wakakubaliana ratiba ya kubana maji kiangazi, mto ukishuka hadi alama fulani. Wenye mashamba makubwa walichimba mabwawa yao ya kuhifadhi maji ya mvua, jambo ambalo kanuni za maji za 2007 zilikuja kulidai kwa wanaomwagilia: akiba ya siku 90. Magomvi hayakuisha kabisa, na sijui mto usio na magomvi. Lakini yalihamia mezani.

Utaniambia Ngusishi ilikuwa na wenye maua, na wenye maua wana pesa na hofu ya kupoteza soko la Ulaya. Ni kweli. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya hoja yangu, na sitaikwepa. Runyenjes ni nchi ya wakulima wadogo juu hadi chini. Kubana maji hapa hakumaanishi kumwambia meneja mmoja afunge valvu. Kunamaanisha kuwaambia watu elfu moja, kila mmoja na sababu yake, na wengi wao wapiga kura.

Ugumu wenyewe unaonekana vizuri zaidi ukingoni mwa mto kuliko kwenye bomba. Mashamba ya Embu, tangu ardhi ilipopimwa na kutolewa hati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mengi yamekatwa kwa vipande virefu vinavyoanzia barabarani juu ya mteremko na kuishia mtoni. Ulikuwa ukataji wa haki: kila mtu apate ardhi ya juu kavu na ya chini yenye unyevu. Kisha baba akagawia wana wanne, na wana wakagawia wajukuu, kila mara kwa urefu, kwa sababu hakuna aliyekubali kukosa mto. Leo kuna mtu ambaye shamba lake kule chini lina upana wa hatua zisizofika thelathini. Kanuni za maji zinamtaka aache kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni, kulingana na upana wa mto. Sehemu hiyo ndiyo yenye nduma zake, na nduma ndiyo inayouzwa Januari shule zikifunguliwa, wakati chai haijalipa na kahawa bado ni ahadi. Mwambie apande miti ya asili hapo bila kumwambia karo itatoka wapi, uone kama atakuja kikao kijacho.

Mikaratusi nayo ina hadithi yake. Mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na chemchemi ing'olewe. Iliyokatwa ilichipua tena, maana ndivyo mkaratusi ulivyo. Kilichobaki bila kuguswa ni sababu ya kuupanda. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo hukausha majani kwa mvuke, na mvuke huo kwa sehemu kubwa unatokana na kuni. Mkulima anapanda mkaratusi mtoni kwa sababu kuni zina soko, na mnunuzi wake mara nyingi ni kiwanda ambacho yeye mwenyewe ana hisa ndani yake. Mpango wa mto Ena usiokuwa na kiwanda cha chai mezani, kikieleza kuni zake zinatoka kwenye shamba lipi na umbali gani kutoka majini, ni mpango wa kuwasomesha watu wasiouza kuni. Nashangaa kwamba suala hili halichukui nafasi ya kwanza kwenye kila kikao cha mazingira ukanda wa chai. Badala yake tunajadili idadi ya miche.

Tena tusisahau kwamba wazee wa nyanda hizi za juu wana kumbukumbu ndefu ya mipango mizuri. Mwaka 1947, wakoloni waliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko, kazi ya lazima, wanawake wakibeba sehemu kubwa ya mzigo. Kitaalamu, matuta yalikuwa sahihi. Watu waliyakataa, na kampeni ile ikasambaratika mwaka huo huo. Jambo jema likiletwa kwa amri huchukua harufu ya aliyelileta. Nadhani hilo ndilo linaloeleza kwa nini siku ya kitaifa ya kupanda miti, kama ile ya Novemba 13, 2023 iliyotangazwa kuwa likizo, huacha picha nyingi na ninashindwa kupata mtu wa kuniambia mche wake uko wapi. Lengo la serikali ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarakimu hiyo ni ya Nairobi. Haina jina la mto wowote.

Linganisha na Kirimiri, kilima cha miti ya asili kinachosimama karibu na mji wa Runyenjes, mashamba yakikizunguka kila upande. Kimebaki na msitu ilhali kila kipande cha ardhi jirani kimelimwa hadi mpakani. Watu wanakijua kwa dawa za miti shamba na kwa heshima waliyorithi kwa wazee wao, na ukitaka kujua kama mwananchi wa kawaida anajali mazingira, mwambie tu unapanga kukikata. Sisemi turudi kwenye matambiko. Nasema kwamba kitu chenye jina, kilicho mbele ya macho ya watu, hulindwa hata bila posho, na tarakimu hazina jina.

Basi ningependekeza nini? Kwanza, kikao kimoja kwa mwaka cha mto mzima, si cha wadi, kifanyike kabla ya kiangazi cha Agosti, mwaka huu juu, mwaka ujao chini. Watu wa Kianjokoma wapande matatu waende Ishiara waone. Hilo peke yake lina uzito kuliko ripoti. Uhusiano upo tayari, si wa kubuniwa: Kiembu na Kimbeere husikilizana bila mkalimani, watu wameoana, na kabla ya maduka, njaa ilipobisha hodi Mbeere, watu walipanda juu na mbuzi na asali wakarudi na chakula. Siasa za kaunti ndizo zilizotufundisha kuhesabu nani kapata gavana na nani kakosa.

Pili, ajenda iwe na jambo moja tu linalouma: mto ukishuka hadi alama gani, bomba lipi linafungwa, kwa zamu ipi. Kila kitu kingine, miche, matuta, mizinga, nduma, kitafuata, kwa sababu mtu ambaye zamu yake ya maji imefupishwa huanza mwenyewe kuuliza kwa nini chemchemi ya juu imekauka na nani alipanda mikaratusi pale. Wakulima wa nduma walio ukingoni wapewe muda na kitu mbadala, hata kama ni kuruhusiwa nyasi za mifugo na mianzi ya kuuza badala ya kuambiwa waache ardhi tupu.

Gharama yake si kubwa. Kunahitajika ubao wa kupimia kina uliosimikwa mtoni mahali panapoonekana, na mtu mmoja wa juu na mmoja wa chini, wanaolipwa kidogo lakini kila mwezi, kusoma kipimo na kutuma namba ile ile kwa kila kamati. Tangu 2021 kaunti zimekuwa na mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoamuliwa mashinani, wenye kamati katika kila wadi, na kila kaunti ilitakiwa kutenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo kwa kazi hiyo. Hakuna sheria inayokataza kamati za wadi tano au sita za mto mmoja kuweka fungu la pamoja. Kinachozuia ni kwamba mwakilishi wadi hawezi kukata utepe wa ubao wa kupimia maji uliosimikwa kwenye wadi ya mwenzake.

Ningeanza na Ena, nikaiacha Thuci isubiri. Thuci ni ya kaunti mbili, Embu na Tharaka Nithi, na itahitaji makubaliano ya magavana, wanasheria na kamati ya kuchunguza kamati. Ena haina kisingizio. Runyenjes na Mbeere Kaskazini ziko katika kaunti moja, zinatuma wawakilishi kwenye bunge moja pale Embu mjini, zinasoma bajeti moja. Tukishindwa hapa, hatuna la kumwambia jirani wa ng'ambo.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na baada yake kila kaunti itaandika upya mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano. Wagombea watapita Ishiara wakiahidi maji, kisha watapanda Kianjokoma wakiahidi bei ya chai, na hotuba hizo mbili hazitakutana popote. Itafaa waulizwe swali lile lile katika mikutano yote miwili: mto ukipungua, mabomba ya nani yatafungwa kwanza, kwa siku ngapi, na kiongozi atakuwapo siku ya kuyafunga?